Ufunguo wa Tatu wa Akina Tarlesi

Mlango uligongwa mara tatu.

Si mlango wa upande wa zizi, ambao watu wote wa Montalera huupitia wakija kwa Konte, mwinyi wa mji huo. Uliogongwa ni mlango mkuu, wenye nembo ya dubu, uliotiwa makomeo Septemba ile ya 1860, siku chache baada ya askari wa Mfalme kuutoa mji mikononi mwa Papa. Konte alisema hautafunguliwa tena mpaka Papa arudishiwe nchi yake. Miaka thelathini na minane imepita. Hata mbwa wa mji wanajua kwamba pale hapabishwi hodi.

Hapo ndipo tulipomwacha Donna Leonilde Tarlesi: amesimama ukumbini, kofia mkononi, machozi ya hasira hayajamkauka, na saa ya ukutani inasema saa mbili na nusu asubuhi.

Kwa nini analia? Msomaji aliyeipata hadithi njiani asihangaike.

Leo saa sita mchana mkaguzi wa serikali anakuja kuifunga Nyumba ya Rehema, wanamoishi vikongwe kumi na mmoja wasio na ndugu. Serikali inataka kuifanya kambi ya askari. Kitu kimoja tu kinaweza kumzuia: hati ya kale yenye muhuri wa Papa, isemayo kwamba nyumba ile ni ya maskini milele.

Hati ipo, na kila mtu anajua ilipo. Imo ndani ya kasha la masalia ya Mtakatifu Ermina, chini ya altare ya kanisa la mji. Kasha lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa Askofu, wa pili kwa Meya, wa tatu kwa akina Tarlesi walioijenga nyumba hiyo. Usipokuwepo mmoja, kasha halifunguki. Na atakayelivunja atatengwa na Kanisa yeye na wanawe.

Siku tisa Leonilde alizunguka kama punda wa kinu.

"Mimi niko tayari, Donna," Meya alisema. "Niletee kwanza ufunguo wa Askofu."

"Mimi niko tayari, binti," alisema Kanoni Righetti, anayeutunza ufunguo wa Askofu. "Niletee kwanza wa ami yako."

Na ami yake, Konte Ubaldo, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki kwa homa, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Sisi tuna msiba, Leonilde. Ufunguo wa Tarlesi hauwezi kuingia kwenye kasha moja na ufunguo wa meya wa Mfalme."

"Mpaka lini, ami?"

"Mpaka Papa arudishiwe nchi yake."

"Na vikongwe?"

"Tutawaombea."

Ndipo mlango ukagongwa.

"Huyo si wa hapa," alisema Zelinda, mpishi, akichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Wa hapa angejua."

Leonilde alipita zizini, akazunguka nyumba katika manyunyu. Barazani alimkuta mwanamume mpana wa mabega, mikono myeusi kwa vumbi la chuma. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wa nyumbu, na juu yake mwanamke mzee ameketi chini ya mwavuli wa kijani, wima kama mshumaa.

"Ndugu, mlango huo haufunguliwi."

"Naona. Lakini mama aliniambia nigonge huohuo. Anasema alitolewa kwa huo."

"Mama yako ni nani?"

"Assunta Grilli. Zamani alikuwa anafua na kukunja nguo za humu. Mimi ni mwanawe, Nazzareno. Natengeneza vinanda vya akodiani kule chini, karibu na bahari."

Zelinda aliyekuwa amefuata alijipiga ishara ya msalaba. "Mama wa Mungu! Assunta wa vijiko!"

Uso wa mgeni ulikunjamana. "Kumbe ndilo jina mlilompa."

Leonilde alilijua jina hilo. Alikua nalo. Mtoto akidokoa sukari huambiwa: utaishia kama Assunta wa vijiko. Mfuaji aliyeiba vijiko sita vya fedha siku ya askari akafukuzwa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo alikuwa hai, sembuse kwamba ana mwavuli wa kijani.

"Mmekuja kutafuta nini?" aliuliza.

"Juzi tulisikia sokoni kwamba kuna mwanamke wa Tarlesi anazunguka mji mzima akiomba ufunguo. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini. Akasema, 'Anaomba? Tarlesi anaomba? Nazzareno, funga nyumbu.'"

Alitia mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na ufunguo mrefu kama kiganja, na kichwani mwake amechorwa dubu.

"Haiwezekani," alisema Leonilde. "Ufunguo wetu umo kwenye dawati la ami yangu."

"Umeuona?"

Miaka ishirini na tisa katika nyumba ile, na Leonilde hakuwahi kuuona. Hakuna aliyewahi kuuona.

"Siku ile askari walikuwa langoni," alisema Nazzareno. "Babu yako alimwita mama yangu kwenye chumba cha nguo kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Akampa ufunguo. Akamwambia, 'Ufiche. Umpe Tarlesi atakayekuja kukuomba, na mwingine yeyote usimpe.' Siku ya tatu kiharusi kikampiga yule mzee, hakusema tena. Ya nne, mwanawe akaona vijiko havipo."

"Ami Ubaldo."

"Huyo. Alimtoa mama yangu kwa mlango huu mbele ya watu. Mama akasema, 'Mheshimiwa, nina neno.' Yeye akasema mwizi hana neno. Hakumwomba chochote. Basi mama akaondoka na ufunguo wake. Kila mwaka alikuwa anautia mafuta. Kila mwaka anasema, labda mwaka huu wataomba."

Leonilde alimpita Nazzareno, akaenda mpaka kwenye mkokoteni. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia viatuni mwake.

"Mama Assunta, naomba ufunguo."

Bibi aliinua ukingo wa mwavuli. "Sikusikia vizuri. Masikio ya uzee."

"Naomba, mama. Tafadhali sana."

"Sasa nimesikia. Mpe."

Nazzareno alimpa palepale, mkononi, bila masharti. Ulikuwa na uvuguvugu wa kifua chake.

"Mnataka niwalipe nini?"

"Siuzi," alisema bibi. "Ila nina hamu moja. Mara ya mwisho nilipokwenda kanisa lile walinitemea mate mlangoni. Nataka niingie kwa mlango wa kati. Nikae kwenye benchi lenu lile lenye kigeti, hata kwa dakika moja. Na Tarlesi mmoja aseme kwa sauti kwamba sikuiba."

"Naapa mbele ya..."

"Usiape, mwanangu. Babu yako aliapa sana. Sema utafanya."

"Nitafanya."

Zelinda alikuwa anajikuna shingo kwa mwiko. Alionekana ana jambo linalomuwasha, lakini Leonilde alikuwa ameshakimbia.

Konte Ubaldo alikuwa anakunywa chokoleti yake karibu na moto. Leonilde aliuweka ufunguo juu ya gazeti alilokuwa anasoma.

Kikombe kilitua vibaya. Kwa mara ya kwanza maishani Leonilde aliona ami yake ni mzee.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa Assunta Grilli, nami nimemwahidi atakaa kwenye benchi letu kanisani. Na wewe, ami, unatunza nini kwenye dawati?"

Leonilde alivuta droo mwenyewe. Ndani mlikuwa na kipande cha mahameli chenye alama ya ufunguo iliyokwisha kufifia. Mahameli tu.

"Miaka thelathini na minane," alisema polepole. "Umewaambia watu tunaomboleza. Umefunga mlango. Umemnyima Mtakatifu sikukuu yake, kasha halijafunguliwa hata mara moja. Umenizungusha siku tisa! Na ufunguo huna!"

"Punguza sauti."

"Ungemwomba tu. Neno moja!"

"Nilihisi yuko nao tangu siku aliposema ana neno. Konte hamwombi mfuaji."

"Na vijiko?"

Konte aligeuza uso kwenye moto. "Vilipatikana."

"Wapi?"

"Kwenye pipa la unga. Mama yangu alikuwa amevificha askari wasivione, akasahau."

"Mwaka gani?"

"Leonilde..."

"Mwaka gani, ami!"

"Mwaka uleule. Kabla ya Noeli."

Leonilde alitaka kuvunja kitu. Alikitazama kikombe, akaona hakitoshi.

Lakini Konte Ubaldo hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. Alisimama, akavuta koti lake, na sauti yake ikarudi mahali pake.

"Nisikilize vizuri. Mwezi ujao ndugu yangu Monsinyori Clemente anavishwa kofia nyekundu ya kardinali. Unadhani kwa uzuri wa mahubiri yake? Ni kwa sababu Roma nzima inajua kwamba akina Tarlesi wamekaa gizani miaka yote hii kwa kumpenda Papa. Unataka isemwe kwamba tulikuwa gizani kwa sababu tulipoteza ufunguo?"

"Nataka hati."

"Utaipata. Nitakwenda mwenyewe na ufunguo huu. Nitasema moyo wangu umelainika kwa ajili ya maskini. Na hapohapo nitakuteua msimamizi wa Nyumba ya Rehema. Hati inanipa mimi haki hiyo, mkuu wa ukoo."

Msomaji anajua ni tangu lini binti huyu anaitamani kazi hiyo. Tangu ana miaka kumi na minne anawapelekea vikongwe wale supu ya dengu kwa mlango wa nyuma, kama mwizi, kwa sababu msimamizi wa zamani hakupenda kelele.

"Lakini ukimtia mwanamke yule kwenye benchi la baba yangu," Konte alimaliza, "huna kazi, huna chumba humu, wala huna jina langu. Chagua."

"Saa zinakwenda, ami. Tuokoe nyumba kwanza."

Konte alitabasamu. Alidhani amejibiwa.

Kufika kanisani ilikuwa safari ya nusu saa. Kuwaleta watu wawili wenye funguo ilichukua saa mbili na ushee. Meya hakutaka kuonekana amemfuata Kanoni. Kanoni hakutaka kuonekana amemfuata Meya. Leonilde alimtoa mmoja kwa kinyozi na povu shavuni, mwingine akamtoa kwenye ungamo la mwanamke mwenye dhambi nyingi.

Ilipofika saa tano na nusu kengele ilipigwa na kanisa likajaa. Vikongwe kumi na mmoja walikaa safu ya mbele, mabunda ya nguo magotini, tayari kwa lolote. Mkaguzi wa serikali alisimama karibu na nguzo akitazama saa yake ya mfukoni.

Mkokoteni ulisimama nje, mbele ya mlango wa kati.

"Mama aingie sasa?" Nazzareno aliuliza kwa kunong'ona.

Leonilde alitazama saa ya mkaguzi, akamtazama mwanamume yule.

"Nenda," alisema Nazzareno. "Vikongwe kwanza. Mama atasubiri. Amezoea."

Kasha lilivutwa kutoka chini ya altare. Watu wakashika pumzi. Na hapo, msomaji, ndipo wanaume watatu wenye akili zao walipoanza kugombana.

"Kanisa kwanza," alisema Kanoni, akitia ufunguo wake.

"Serikali kwanza," alisema Meya, akimsukuma kwa kiwiko. Bado alikuwa na povu sikioni.

"Aliyejenga kwanza," alisema Konte Ubaldo.

"Imeandikwa wapi?"

"Imo ndani ya kasha!"

"Basi lifungue nisome!"

"Saa sita kasoro dakika kumi na mbili," alisema mkaguzi.

"Geuzeni, nyie majogoo!" alipiga kelele Teodolinda, kikongwe wa miaka themanini na sita. "Mnataka tulale mvuani mkitafuta nani awike kwanza?"

Kanisa zima lilicheka. Leonilde hakucheka.

"Mtageuza pamoja," alisema. "Ninahesabu. Atakayetangulia atakuwa amechelewa. Moja. Mbili. Tatu."

Ufunguo wa Kanoni ukazunguka. Wa Meya ukazunguka. Wa Konte ukakwama.

Konte alijaribu tena. Shingo ilimwiva. Kufuli ya Tarlesi haikuwa imeguswa tangu kabla Leonilde hajazaliwa.

"Dakika tisa."

"Usilazimishe, utaukata." Nazzareno alikuwa amefika altare, akichomoa kichupa chembamba mfukoni. "Nipishe, Mheshimiwa."

"Wewe ni nani?"

"Fundi."

Alidondosha matone mawili ya mafuta anayotilia vitufe vya akodiani zake. Alisubiri. Aliuchezesha ufunguo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayesikiliza sauti ndani. Kisha akasogea pembeni. "Sasa geuza. Kwa upole. Ni kitu kizee."

Konte aligeuza. Kasha likasema kra.

Kanoni alipiga goti, akaigusa hariri iliyofunika masalia, akatoa hati kwa mikono yote miwili. Mkaguzi akasoma. Alisoma mistari ya juu, akarudia ya katikati, akaupima muhuri kwa kidole. Halafu akazikunja karatasi zake mwenyewe na kuzirudisha kwenye mkoba.

"Nyumba inabaki ya maskini," alisema. "Sina kazi hapa."

Mabunda yaliruka hewani. Teodolinda alimbusu Meya kwenye povu. Leonilde alishika ukingo wa altare.

Konte Ubaldo aliinua ufunguo juu, watu wauone.

"Ndugu zangu wa Montalera! Miaka thelathini na minane ufunguo huu umekaa kifuani mwa ukoo wangu. Leo nimeutoa kwa huruma. Na usimamizi wa Nyumba ya Rehema namkabidhi binti wa marehemu ndugu yangu, Leonilde Tarlesi."

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakatoka darini. Konte alimtia Leonilde mkononi pete ya funguo za nyumba: za jiko, za ghala, za vyumba kumi na viwili. Zilikuwa nzito. Aliupenda uzito wake.

"Umefanya vizuri," ami alimnong'oneza. "Sasa kaa kwenye benchi letu."

Hakuna aliyekuwa anamlazimisha. Nazzareno alikuwa amerudi nyuma ya umati, akifuta vidole vyake kwa kitambaa, bila kumtazama. Asingemdai. Hati imetoka, vikongwe wamepona. Angeweza kukaa tu.

Kwenye uwazi wa mlango wa kati mwavuli wa kijani ulionekana. Ulikuwa haujasogea hata kidogo.

Leonilde alizirudisha funguo kwenye kiganja cha ami yake, zikigongana zenyewe kwa zenyewe. Kisha akashuka katikati ya kanisa, mbele ya watu wote, akatoka mvuani.

"Mama Assunta, njoo ukae."

"Nilidhani umesahau."

"Nilitamani kusahau."

Bibi alicheka kifupi. "Angalau husemi uongo. Nipe mkono, goti hili si langu tena."

Waliingia kwa mlango wa kati. Makofi yalikatika safu kwa safu kadiri walivyopita. Mtu mmoja alisema, "Si yule wa vijiko?" Mwingine akamwambia nyamaza.

Konte Ubaldo alikuwa amesimama kwenye kigeti cha benchi, mkono juu ya nembo ya dubu.

"Benchi hili ni la Tarlesi," alisema kwa meno yaliyofungwa.

Leonilde aligeukia watu.

"Huyu ni Assunta Grilli. Hakuiba. Vijiko vilipatikana mwaka uleule kwenye pipa la unga, na sisi tukanyamaza. Ufunguo uliofungua kasha leo haukuwa kifuani mwa ukoo wangu. Ulikuwa kwake. Babu yangu alimwamini, akautunza miaka thelathini na minane, tukamwita mwizi. Hatukuwa tunaomboleza. Tulikuwa tunaona haya kumwomba."

"Kweli tupu!" ilisikika sauti ya Zelinda kutoka nyuma, ikipasuka kama chungu kilichochemka muda mrefu. "Mimi ndiye niliyevitoa kwenye unga! Nikaambiwa nifunge mdomo!"

Kanisa lilivuma kama mzinga uliopigwa teke. Kanoni alikaa chini.

Konte alimtazama Leonilde kwa macho makavu. "Sanduku lako litakuwa mlangoni kabla ya chakula cha jioni. Na mimi nakwenda posta kumpigia Clemente simu ya maandishi. Subiri uone Roma itakujibu nini."

"Najua, ami."

"Hujui." Alivaa kofia yake humohumo kanisani, jambo ambalo Tarlesi hajawahi kulifanya, akatoka na funguo zote mkononi. Zilisikika zikigongana mpaka uwanjani.

Leonilde hakuwa na kazi. Hakuwa na pa kulala.

"Vyumba kumi na viwili!" aliita Teodolinda. "Sisi tuko kumi na mmoja! Hesabuni wenyewe!"

Leonilde alicheka huku akifuta uso kwa mkono ulioloa. Akafungua kigeti. Bawaba zililia. Akampisha Assunta Grilli apite mbele, akamshika kiwiko mpaka alipokaa.

Bibi aliweka mwavuli magotini. Akanyoosha sketi yake. Akapapasa mbao, kushoto na kulia, polepole, kama anayetafuta kitu.

"Gumu," alisema. "Miaka yote hiyo nilidhani ni laini."